AlSi10Mg ya kuprinti: nifanyeje ivutike zaidi bila kuua nguvu?

poda_na_leza: Wakuu habari za saa hizi. Tunaprinti mabraketi ya AlSi10Mg (aloi ya alumini yenye silikoni na magnesi kidogo) kwa mashine ya leza inayoyeyusha poda tabaka kwa tabaka, kipande kikitoka tu kinavumilia kama 430 MPa (megapaskali, kipimo cha nguvu) ila kikivutwa kinakatika kwenye asilimia 5 hivi. Mteja anataka kipinde kwanza ndo kikatike. Tumekipeleka T6 (kukichoma joto kubwa, kukipoza ghafla, kisha kukichoma tena joto dogo) ile ile ya vitu vya kusubu, nguvu imeshuka vibaya. Hii T6 si inatakiwa iongeze??

tanuri_moto: Mkuu T6 inaongeza kwenye ya kusubu, hii ni nyingine kabisa. Leza inapoyeyusha poda inapoa ghafla mno, silikoni inabaki kama wavu mwembamba umezunguka vijumba vya alumini visivyofika hata mikroni 1, na huo wavu ndo nguvu yenyewe. Sasa wewe ukishaipandisha nyuzi 520 na kitu wavu unakatikakatika, silikoni inajikusanya vipunjepunje vikubwa, kuvutika kunapanda kweli lakini nguvu ndo hiyo imeondoka, na magnesi iliyopo ni kidogo haiwezi kufidia yote. Hata 300 kwa masaa 2 inatosha kuuvunja. Ukitaka nguvu ibaki ichome 160 mpaka 170 tu moja kwa moja, usipitie kwanza joto kubwa. Ila kuvutika usitegemee kuongezeka hapo.

Bi_Metali: Kabla ya kuhangaika na tanuri, hiyo poda mnaikausha? Poda ya alumini inashika unyevu, unyevu unaleta haidrojeni, haidrojeni inaacha vitundu vya duara, na ufa unaanzia hapo hapo. Alafu ukipeleka T6 gesi iliyofungiwa inatanuka, ndo unaona malengelenge juu ya kipande. Kipande kilichokatika kiangalieni kwa hadubini, ukikuta poda ambayo haijayeyuka imekaa kwenye ufa basi leza inakimbia mno au nguvu yake ndogo. Vitundu ukivipunguza nguvu na kuvutika vinapanda pamoja, mimi ningeanzia hapo.

poda_na_leza: Asante dada. Kukausha hatukaushi kwa kweli, kopo likifunguliwa linaingia mashineni. Na vipande vya majaribio tumevisimamisha wima, ina shida?

Bi_Metali: Eeh, wima mnavuta kukatisha tabaka, mara nyingi ndo kunavutika kidogo zaidi. Printi na vya kulala mlinganishe, na braketi yenyewe muigeuze mzigo upite sambamba na tabaka.

tanuri_moto: Na kama mteja ana hela badilisheni aloi. Scalmalloy, aloi ya alumini ya kampuni ya APWorks, ina skandiamu na zirkoni, ukiichoma kwenye 325 hivi inavuka 500 MPa na bado inavutika zaidi ya asilimia 10, bei yake sasa usiniulize, skandiamu hiyo. 7075 ya kawaida (aloi ya alumini yenye zinki) msiiguse, inapasuka ikiwa inapoa, mpaka maabara ya HRL kule Marekani 2017 walipoipaka poda chembechembe za zirkoni ndo ikakubali kuprintika.

poda_na_leza: Skandiamu bosi hatakubali 😂 Naanza na kukausha, na za kulala naziweka kwenye pleti inayofuata.