Misa ya Kilatini tumeigeuza mahakama. Yamenifika shingoni!

Tumsifu Yesu Kristo.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nalitoa. Atakayenuna anune.

Kwanza msinianzishie habari kwamba mimi ni adui wa Mapokeo. Misa ya kale naipenda kwa moyo wote: ukimya wake, Kilatini chake, padre na waumini wakiangalia upande mmoja. Papa Fransisko alipotoa Traditionis Custodes, barua iliyoiwekea mipaka Misa ya kale, mwaka 2021, Misa hiyo ikaondolewa pale nilipozoea kusali, na nililia machozi. Kwa hiyo nasema kama mtu wa nyumbani, na ninachokisema kinaniuma.

Sisi tunaoipenda Misa hii tumekuwa watu wa hasira. Asubuhi anasemwa padre fulani, mchana askofu, jioni Baba Mtakatifu, na usiku tunamalizia na sketi za wanawake. Siku nzima inapita hakuna aliyeuliza nani anaumwa tumwombee.

Mwezi uliopita alikuja kwetu dada mmoja aliyebatizwa Pasaka hii. Aliuliza swali jepesi na zuri: nitaifuataje Misa ile nami sijui Kilatini? Wa kwanza akamuuliza kama anavaa shela kanisani. Wa pili akamwambia ubatizo wake una mashaka kwa sababu umefanyika kwa ibada mpya, ile ya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Una mashaka! Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba wakati wa dharura hata mtu asiyebatizwa anaweza kubatiza, mradi amwage maji, ataje Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na awe na nia ya kutenda anachotenda Kanisa. Hayo ndiyo Mapokeo. Aliyemtisha yule dada ama hayajui, ama anayajua akaamua kumtisha. Na hapakuwa na mtu wa kumwambia kitu rahisi kabisa: zipo Misale za waumini, yaani vitabu vya sala za Misa, ukurasa mmoja Kilatini na wa pili lugha anayoielewa, na siku akichoka kufuata anaweza kukifunga kitabu akasali kimya akitazama altare. Hajarudi tena.

Kuna ndugu mwingine, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ana ule ugonjwa wa dhamiri, wa kuona dhambi ya mauti kila anapogeuka. Watakatifu waliujua. Mtakatifu Ignasi wa Loyola uliwahi kumtesa kule Manresa mwaka 1522 hata akajiwa na wazo la kujiua. Mtakatifu Alfonso Liguori naye aliteseka nao, na dawa aliyoisisitiza ni moja: mtii padre anayekuungamisha. Sasa ndugu huyu, aliyekuwa ameanza kutulia mikononi mwa padre mwema, akaandikiwa na mmoja wetu kwamba huyo padre ni wa kizazi kipya, hivyo maungamo yake huenda ni batili yote. Miezi minne hakupokea Komunyo. Miezi minne! Nilikuwa nampigia simu usiku, nasikia anavyohema. Tunajiita watetezi wa Ekaristi, halafu tunamzuia mtu mwenye njaa asiifikie.

Halafu vita vya miaka. Mmoja anasema Misale ya 1962 ndiyo yenyewe. Mwingine anasema uharibifu ulianza 1955, Papa Pio XII alipobadilisha ibada za Juma Kuu. Wa tatu amekasirika kwa kuwa Papa Yohane XXIII aliingiza jina la Mtakatifu Yosefu katika Kanuni ya Misa, ile sala kuu ya kugeuza mkate na divai, mwaka 1962. Kujadili historia si kosa, mimi mwenyewe nimejifunza mengi humo. Lakini watu wazima kuitana wazushi usiku wa manane kwa ajili ya jina la mlishi wa Bwana? Na katika moshi huo wanaingia wale wanaosema kiti cha Petro ki wazi, yaani hakuna Papa halali, tangu 1958. Wanatukuta tayari tumezoea kumnung'unikia Papa kila siku, kazi yao inabaki ndogo. Nimeshawaona wawili wakiondoka hivyo. Mmoja wao alinifundisha kutumikia altareni.

Mnapenda kumtaja Mtakatifu Thoma wa Akwino. Basi msomeni hadi mwisho. Anafundisha kwamba kumsengenya mtu ni dhambi nzito kuliko kumwibia, kwa sababu jina jema linapita mali, na kwamba aliyeharibu jina la mtu anawajibika kulirudisha. Ni wangapi kati yetu wamewahi kurudisha jina la mtu?

Hoja tunazo. Mtaguso wenyewe, katika hati yake ya liturujia, Sacrosanctum Concilium ya mwaka 1963, uliagiza Kilatini kitunzwe na wimbo wa Kigregoriani upewe nafasi ya kwanza. Lakini askofu atasikiaje hoja iliyofungwa ndani ya tusi? Katika barua aliyowaandikia maaskofu mwaka 2021, Papa Fransisko alisema kwamba nafasi ya kuadhimisha Misa ya kale iliyotolewa na Yohane Paulo II na Benedikto XVI imetumiwa kupanua mifarakano. Siku ile niliapa kwamba tunasingiziwa. Leo nikisoma tunayoandika, sina la kumjibu.

Ndani ya Misa tunapiga vifua: nimekosa mimi, nimekosa mimi, nimekosa sana. Tukitoka nje tunapiga vifua vya wenzetu.

Wewe uliyemwandikia yule ndugu kuhusu maungamo yake, unajijua. Jina lako silitaji. Namba yake ya simu unayo. Mpigie kabla ya Jumapili, umwambie ulikosea.