Naomba ushauri: dola ya fedha ya 1893 yenye tundu

Ndugu wanachama, natanguliza salamu na shukrani. Ninakusudia kununua dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1893 yenye alama ya S, yaani ya kiwanda cha sarafu cha San Francisco, ambacho kilitoa vipande 100,000 tu vya aina hiyo, na ambayo ingekuwa nzima nisingeimudu kamwe. Hii imetobolewa karibu na ukingo, bila shaka ili ivaliwe shingoni, kisha ikasuguliwa hadi ikapoteza mng'ao wake wa asili. Hata hivyo inanivutia mno, kwa kuwa tundu lile ni ushahidi kwamba yupo aliyeithamini kuliko thamani yake ya matumizi.

Nimeikagua kwa lenzi nikitafuta ule mstari mwembamba ulioinuka ndani ya herufi T ya neno LIBERTY, ambao ni dalili ya sarafu halisi, lakini kwa uchakavu uliopo sina hakika nao. Uzito nao hausaidii sana, maana uzito wa kawaida ni gramu 26.73, na tundu limekwisha kuupunguza.

Je, nitatambuaje kama alama ya S haikubandikwa baadaye? Na je, tundu lizibwe na fundi, au kuliziba kutaishusha zaidi machoni pa wakusanyaji? Binafsi naelekea kuliacha lilivyo.