Ufa ukutani: ni lipu tu au msingi unatitia?

mpangaji_mchovu: Wakuu habarini. Kuna nyumba nataka kununua, nimeenda kuiangalia mara mbili na ile ya pili ndo nikaona ufa umeanzia kona ya dirisha unapanda mshazari mpaka karibu na dari, halafu mlango wa chumba hichohicho haufungi mpaka uunyanyue. Muuzaji anasema ni lipu tu atapiga rangi. Ni ya kuogopa hii?

kijiko_na_timazi: Mkuu usikubali apige rangi!! Nyufa nyembamba kama unywele zinazotambaa ovyo kwenye lipu hazina neno, mara nyingi ni saruji ilikauka haraka. Ila mshazari, na mlango unagoma, hapo inawezekana upande mmoja unashuka na mwingine umegoma kushuka. Nyumba kushuka kidogo ni kawaida, kinachopasua ukuta ni kushuka bila usawa. Zunguka nje uone kama ufa umetokeza na unafuata maungio ya tofali kama ngazi. Upana wake ukizidi milimita 5 hivi achana na mafundi rangi, ita injinia.

Mama Wawili: Mimi yalinikuta, tuliziba ufa mara tatu na mara tatu ukarudi palepale. Injinia alipokuja hakuziba kitu, alichora vistari viwili vya penseli huku na huku ya ufa, akapima, akaandika tarehe ukutani akaenda zake, mi nikaona huyu kala hela yangu bure 😅 Kumbe anataka kujua kama bado unatembea. Mwisho ikaonekana bomba la bafuni linavuja chini ya sakafu, na udongo ni mfinyanzi, ule ukilowa unavimba ukikauka unanywea.

mpangaji_mchovu: Mh, pale kuna mti mkubwa kama mita 3 toka ukutani. Nikinunua nikaukata si basi?

kijiko_na_timazi: Taratibu. Kama ni mfinyanzi mti unanyonya maji udongo unanywea, ukiukata ghafla maji yanarudi udongo unavimba, nyumba inanyanyuliwa sasa. Muulize injinia kwanza. Na angalia maji ya bati yanamwagikia wapi, yakituama kwenye msingi nayo ni balaa.

mpangaji_mchovu: Muuzaji kasema kesho kuna mteja mwingine anakuja na hela mkononi

Mama Wawili: Mwache aje, labda yeye anapenda rangi 😂