Hoki ya barafu ya vyuo Marekani: tiketi ya msimu ya wanaume, ya wanawake, au nibaki na TV tu?

Mtoto_wa_Nakuru (Brooklyn Park, Minnesota)
Wadau salama? Naomba ushauri, msimu unaanza Oktoba na mama watoto ameshasema hela ya hoki safari hii ni ya kitu kimoja, sio kila kitu. Mnaonijua mnajua mimi ni Gophers damu, chuo cha Minnesota, sina timu nyingine. Sasa kuna uwanja wa Mariucci kwa wanaume, watu kama 10,000, bendi, kelele mpaka unasahau madeni, ila bei imesimama na siti ninazoweza kulipa ziko juu kabisa, paki, kile kisahani cheusi wanachokipiga, unaiona kama mbegu ya papai. Kuna Ridder hapo hapo jirani kwa wanawake, pengine theluthi ya ukubwa huo, bei nafuu mbali sana. Au nikae kwa nyumba na TV na chai yangu theluji ibaki huko nje. Nina watoto wawili, 6 na 9. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Shangazi_StPaul
Ridder, na usipoteze muda kufikiria. Ule uwanja ulifunguliwa 2002 na ndio wa kwanza Marekani kujengwa maalum kwa hoki ya wanawake wa chuo, kwa hiyo popote unapokaa uko karibu na barafu. Halafu usidhani unawaonea huruma mabinti wa watu, msimu wa 2012-13 walicheza mechi 41 wakashinda zote 41, na ukihesabu na misimu ya kabla na baada, ule mfululizo wote ulifika ushindi 62. Wanaume gani wamefanya hivyo? Na kwa vile wanawake hawaruhusiwi kubamizana vile wanaume wanavyobamizana, mtoto anaona pasi, anaona nani kajipanga wapi, anajifunza mchezo. Siku Wisconsin, wapinzani wetu wakubwa, wakija nenda mapema.

Mswahili_GrandForks
Shangazi tulia kwanza 😂 Mtoto wa Nakuru, panda gari uje huku North Dakota uone uwanja maana yake nini. Ralph Engelstad, 2001, zaidi ya dola milioni 100, watu 11,000 na ushee, siti za NGOZI. Vikombe vya taifa tunavyo 8, nyie mna 5 na cha mwisho mlikichukua 2003, watoto wako hawajazaliwa.

Shangazi_StPaul
Siti za ngozi mnazo, timu ya wanawake iko wapi? Mliifuta 2017. Na ndio hao hao mabinti zenu waliotukatia ule mfululizo wa 62, Novemba 2013. Watu wamefanya kazi kama ile mnawaambia hela hakuna, kwenye jengo la milioni 100.

Mswahili_GrandForks
Hapo umenishika pabaya, inauma mpaka leo. Ila waliofuta ni wakubwa wa chuo, sisi mashabiki hatukuulizwa, kama vile hatukuulizwa 2013 ligi zilipogawanywa nyie mkaenda ligi ya Big Ten sisi tukaenda ya NCHC, ile dabi ya kukutana kila msimu ikafa. Sasa tunakutana kwa kupanga. Hilo ndio wizi mkubwa kuliko bei ya tiketi.

Dar_mpaka_Boston
Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya, kwani lazima tiketi ya msimu? Huku tunachagua mechi. Februari, Jumatatu mbili za mwanzo, kuna mashindano ya Beanpot, vyuo vinne vya hapa hapa mjini, Boston University (BU), Boston College (BC), Harvard na Northeastern, ipo tangu 1952 na inachezwa TD Garden. Mtu anaweza asiende mechi nyingine yoyote mwaka mzima lakini hapo utamkuta. Pia kwa wanaume angalia kitu kimoja: wazuri hawakai. Celebrini alikuja BU, miaka 17 tu akachukua tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo 2024, mwezi wa sita akachaguliwa wa kwanza kwenye drafti ya NHL, pale timu za ligi ya kulipwa zinapochagua vijana, kwaheri. Unamnunulia mtoto jezi, jezi bado mpya mwenyewe ashaondoka.

Shangazi_StPaul
Umenisaidia. Wasichana wengi wanamaliza miaka yao minne. Mtoto wa miaka 6 anawajua mpaka anafika darasa la nne bado ni wale wale.

Mlamu_Ithaca
Mnasahau chuo cha Cornell, huku Ithaca. Uwanja mdogo wa Lynah, wanafunzi wanasimama mechi nzima, na Harvard wakiingia wanatupiwa samaki kwenye barafu, samaki wa kweli. Refa akikasirika timu ya nyumbani inapewa adhabu. Mimi mtu wa Lamu roho inaniuma kuona samaki anakwenda hivyo lakini na mimi nimo napiga kelele. TV haikupi harufu ile, na labda ni bora.

Kipa_wa_Nairobi
Acheni kudharau TV, wengine ndio tulichonacho. Mimi barafu nimeijulia pale hoteli ya Panari Nairobi, Ijumaa saa moja usiku Minneapolis huku ni saa kumi alfajiri Jumamosi, naamka naangalia. Shida ni kwamba kamera inafuata paki tu, beki anavyorudi nyuma huoni, wachezaji wanavyobadilishana huoni, halafu leo mechi iko app hii kesho app ile, ukijumlisha malipo unakaribia bei ya Ridder. Ila Machi mashindano ya taifa yakianza TV haina mpinzani, muda wa nyongeza wanacheza watano kwa watano mpaka mtu afunge, hata kama ni vipindi vitatu vya ziada. Kwa uwanjani na watoto hapo mmoja ashalala mwingine analia.

Mtoto_wa_Nakuru
Basi nimeelewa, nachukua Ridder msimu mzima, na North Dakota wakija Mariucci natafuta siti moja ya bei yoyote, hiyo siwezi kuachia TV. Mama watoto hajui hiyo sehemu ya pili. Shangazi, mle ndani baridi ikoje, watoto wavae za nje kabisa?

Shangazi_StPaul
Soksi nzito na blanketi la kukalia. Na hiyo siti ya Mariucci mwambie leo, kabla hajaiona kwenye benki.