Kijana wangu wa kibanda kala laki nne na themanini kwenye kubeti, nimpeleke polisi au nimsamehe?

mama_wa_buza

Jamani habari zenu, naandika huku nina hasira mpaka mikono inatetemeka, naombeni ushauri wa kweli. Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu huku Buza, mtaji wangu ni milioni mbili. Kwa asiyeijua hii kazi, floti, yaani hela iliyoko kwenye laini, ukijumlisha na keshi ya kwenye droo jioni lazima irudi ile ile milioni mbili, ikipungua hiyo ndo shoti. Kijana nimekaa naye mwaka na miezi minane, ana miaka 21, katoka Kondoa, hajawahi kunipa shoti hata ya mia tano. Kila siku saa tatu usiku napita, tunahesabu, inatimia, naenda kulala.

Juzi nimeshahesabu nimeondoka, kufika kona ya pili nakumbuka nimesahau simu pale dirishani, narudi namkuta anamhesabia wakala jirani noti zile zile nilizotoka kuzihesabu mimi. Kumbe kila usiku anaazima kabla sijafika, nikishaondoka anarudisha! Mwezi mzima! Alianza na mkeka (tiketi ya kubeti) wa elfu moja ukampa elfu themanini, toka hapo mikeka ikawa inachanika tu, akaanza kuchota floti akidhani kesho atairudisha, kesho ikawa inasogea.

Hakukimbia, hakubisha. Alikaa chini pale pale akasema mama nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Nimemwambia aende kwake nitamwita. Mume wangu anasema polisi kesho asubuhi. Mimi roho inakataa ila nikikumbuka hela yangu roho inakubali. Nifanyeje?

kisiki_cha_mpingo

Polisi. Pole sana dada yangu ila polisi. Mimi nilikuwa na duka la vifaa vya umeme, kijana akanilia laki mbili, akalia machozi nikamsamehe nikamrudisha pale pale kaunta, baada ya miezi minne kaondoka na mauzo ya wiki nzima na simu kazima mpaka leo. Alikuwa anakula chakula kimoja na wanangu. Sisemi kwa roho mbaya, nasema kwa kuumia.

konda_mstaafu

Dada usiende polisi kabla hujasoma hii.

Nimekuwa konda wa daladala miaka sita. Kuna kipindi nilikuwa namchomolea dereva wangu. Hesabu ya bosi tukishaitoa na mafuta, kinachobaki tunagawana, sasa mimi kabla hatujafika kwenye kugawana nilikuwa nishaficha noti tatu nne za elfu mbili kwenye soksi. Nilianza wiki ambayo mwenye nyumba kanipigia kufuli, vitu vyangu vyote vimo ndani, mke yuko kwa dada yake na mtoto wa miezi mitatu. Nikajiambia nikishalipa kodi naacha. Kodi nikalipa, na sikuacha. Hapo ndo nataka mnielewe, shida ndo iliyonifungulia mlango ila nilipoingia nikazoea.

Yule mzee alikuwa anajua. Dereva anahesabu vichwa kwenye kioo, huwezi kumdanganya. Usiku mmoja tumeshalaza gari, akanipeleka kwa mama ntilie, akaagiza ugali na sato wawili, tukala kimya. Mimi nimeshanawa mikono akasema taratibu, mdogo wangu ile ya kwenye soksi itoe, itachanika na jasho. Sikupandisha sauti wala yeye hakupandisha. Nikaitoa nikaiweka mezani, imelowa kweli, imejikunja. Akaniuliza una shida gani, nikamweleza yote, hakunikatisha. Halafu noti zile akanirudishia, akasema kesho nenda kachukue mkeo. Na kuanzia kesho hela zote za gari unakaa nazo wewe, jioni unanihesabia wewe, mimi sitaangalia kioo.

Dada, kama angenipiga au angenipeleka kituoni ningemchukia na ningejiona nimeonewa, maana kichwani nilikuwa na sababu zangu zote nimezipanga. Alivyonipa chakula zile sababu zikaisha. Sikulala usiku ule. Baada ya hapo siku ya kwanza nimeshika hela zote nilikuwa nazihesabu mara tatu tatu naogopa isije ikapungua hata mia.

Ila kisiki naye ana pointi na namheshimu. Mzee wangu hakunisamehe akaondoka, alikaa na mimi. Kila Jumamosi tulikuwa tunakaa tunahesabu ya wiki pamoja, ananiuliza kodi vipi, mtoto vipi. Na mimi sikuwa na ugonjwa wa kubeti. Huyu kijana wako ukimrudisha kesho asubuhi kwenye floti na simu mkononi utakuwa umemsukuma mwenyewe.

mtu_wa_pwani

Asalaam aleikum. Sina la kuongeza kwa konda ila nina swali nitakuuliza mwishoni mama, usinichukie.

Wakati wa Sayyidna Umar (r.a), khalifa wa pili wa Waislamu, watumwa waliokuwa chini ya nyumba ya Hatib waliiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Wakaletwa, wakakiri, na Umar akaamuru wakatwe mikono. Halafu akasita, akamgeukia bwana wao akamwambia naona wewe unawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia, thamani yake ngapi, akasema nilikuwa sikubali kumuuza kwa dirhamu 400. Umar akamwambia yule bwana, mpe 800. Mikono haikukatwa, na aliyelipa ni aliyewashindisha njaa. Ni Umar huyu huyu ambaye mwaka wa ukame, wa 18 Hijria, alisimamisha ile adhabu ya kukata mkono. Na hakuna anayemwita Umar mlegevu.

Swali langu. Huyo kijana anafungua saa ngapi, na mwezi unampa shilingi ngapi?

dada_wa_mahakamani

Kwa ufupi tu ujue unapoingia. Hilo kosa ni wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu, na ni kosa zito kuliko wizi wa kawaida. Ukishafungua jalada na ikafika mahakamani kesi ni ya Jamhuri, wewe unakuwa shahidi, huwezi kuamka siku ukasema nimemsamehe basi nirudishieni faili langu. Na hela yako hairudi kwa yeye kukaa ndani. Ukitaka kumalizana naye, malizana kwa maandishi mbele ya mjumbe na ndugu yake mmoja, kiasi kiandikwe, tarehe ziandikwe, wote mtie saini.

mama_wa_buza

@mtu_wa_pwani sikukuchukia ila nimekaa na swali lako tangu jana. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi anafunga saa tatu usiku, Jumapili anapumzika nusu siku. Nampa laki na ishirini. Chakula anajitegemea. Sijawahi kumuuliza anakula wapi, nimeona aibu kuliandika hili.

Nimekwenda kwake leo na mume wangu. Ni chumba cha nyuma, godoro chini, ndoo mbili. Nimemkuta kavaa mashati mawili na joto lote hili la Dar, nikamuuliza mbona umevaa hivyo, akasema nilijua mtakuja na polisi, nimesikia mahabusu usiku kuna baridi. Mume wangu ambaye ndo alikuwa mkali kuliko mimi akatoka nje akasimama uani muda mrefu.

Tumeandikiana kwa mjumbe. Nimempandishia iwe laki na nusu na mchana anakula kwangu, kila mwezi nakata elfu thelathini, kwa hiyo ni miezi 16. Laini na droo hashiki kwa sasa, atakuwa kwenye genge la mkaa la dada yangu, anapima na kubeba, hela anapokea dada. Zile programu za kubeti kazifuta mwenyewe mbele yetu.

kisiki_cha_mpingo

Hiyo ya kutoshika droo ndo mimi sikufanya. Nilimwonea huruma nikamwacha peke yake na hela. Mungu akujalie dada, utuletee habari, ziwe nzuri au mbaya.

mama_wa_buza

Wiki ya tano sasa, naleta habari kama nilivyoahidi. Wiki ya pili alirudi kubeti, elfu mbili, kwa simu ya rafiki yake. Najua kwa sababu alikuja kuniambia mwenyewe usiku ule ule, kasimama mlangoni hataki kuingia. Nilikasirika sana, nikamwambia ingia ule kwanza. Dada yangu siku hizi anamlipa jioni kwa jioni hela ndogo ya nauli tu, nyingine namshikia mimi, kaomba mwenyewe.

Jana Jumapili kaja na elfu kumi na tano, sarafu nyingi na noti ndogo ndogo zimejaa vumbi la mkaa, kapata vibarua vya kushusha magunia. Nikamwambia makato ya mwezi huu si nishakata, akasema hii ni juu ya hayo. Nimeandika kwenye daftari tarehe na kiasi, akaomba na yeye aweke saini, nikampa kalamu.