Kwa Mkapa tulijaa, mjini tukanyimwa shangwe: AFCON 2027 msiturudishie ya CHAN

Wakuu, habari za majukumu.

Nina hasira na sitaificha. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilichezwa kwetu, Kenya na Uganda, na sasa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja hapa hapa. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za kikosi cha Taifa Stars, maana sina neno na wachezaji. Vijana wa kocha Hemed Suleiman Agosti ile ya 2025 walijituma mno. Burkina Faso walikula 2-0 siku ya ufunguzi. Mauritania walimalizwa na Kapombe dakika za lala salama. Madagascar walitiwa mbili na Mzize. Alama 10, kinara wa kundi, na hao hao Madagascar ndio waliokwenda kucheza fainali Kasarani, Nairobi, na kuwatoa jasho Morocco mpaka 3-2. Tulitolewa robo fainali kwa bao moja, na Morocco hao hao waliotutoa ndio wakabeba kombe. Kwa wachezaji sina ninachodai.

Ninaowadai ni wale waliokabidhiwa mji. Nimekulia Temeke, kelele za Uwanja wa Taifa, huu tunaouita kwa Mkapa, nazisikia tangu utoto, na sijawahi kuona mashindano makubwa yakipita hapa kwetu kwa ukiwa namna ile. Ndani ya uwanja ilikuwa moto. Ukishavuka geti kutoka nje ni giza, kusukumana na kufukuzwa.

Mashindano kama haya mtu hanunui dakika 90 tu. Ananunua siku nzima. Anataka kutoka nyumbani mchana na jezi yake, akutane na wenzake, ale, aimbe, atambiane na wageni, na mpira ukiisha abaki mtaani kujadili penalti mpaka koo likauke. Na sisi Dar hilo hatuhitaji kufundishwa. Nenda Simba Day, nenda Wiki ya Mwananchi ya Yanga, uone Barabara ya Taifa inavyokuwa tangu asubuhi. Ngoma, matarumbeta, watu waliojipaka rangi mwili mzima, mabasi ya mikoani yanashusha watu wenye njaa na furaha. Klabu mbili za Kariakoo zinaweza kuujaza mji shangwe kila mwaka. Inakuwaje nchi nzima, serikali na shirikisho la Afrika wakikaa meza moja, tunapata kidogo kuliko hapo?

Nianze na kinachoniuma zaidi.

Mtaani kwetu kuna mama lishe, jirani yangu. Aliposikia CHAN inakuja akachukua mkopo, ile mikopo ya kausha damu mnayoijua, akanunua mchele, kuku, mkaa na sufuria kubwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: uwanja unabeba watu 60,000, mechi za Stars ni saa mbili usiku, watu wanafika mapema, lazima wale. Siku ya mechi akatandika meza yake mbali na geti, wala hakuzuia njia ya mtu. Wakaja watu wenye vizibao wakamwambia aondoe. Akasogea. Wakamfuata huko huko. Akasogea tena mpaka akafika mahali ambapo hakuna shabiki anayepita. Wali ulilala. Na mwenye mkopo wake hajui CHAN wala robo fainali, anajua tarehe ya rejesho.

Sio yeye tu. Wauza bendera, kijana wa mishikaki, mzee wa kahawa na kashata, wale madogo wa karanga ambao bila wao mimi sijui mechi inaangaliwaje, wote walikuwa wanakimbizwa kama wezi. Halafu ndani ya uwanja kipupwe kinapiga, una njaa, unatafuta cha kuweka mdomoni unakutana na soda ya bei ya kuruka na foleni isiyosogea. Mara nyingi nilichagua njaa kuliko kukosa bao.

Najua mtu atakuja hapa chini kuandika kwamba ni masharti ya mashindano, wadhamini wamelipa, eneo la kuzunguka uwanja linakuwa chini ya waandaaji. Hilo nalijua. Afrika Kusini 2010 FIFA nao waliweka maeneo kama hayo na wachuuzi wa kule walilalamika kama mimi leo. Lakini soma na yaliyotokea Brazil. Kule Salvador kuna akina mama wanaouza acarajé, vitumbua vya kunde vinavyokaangwa kwa mafuta ya mawese, ndugu wa karibu wa bagia zetu za kunde. Kabla ya Kombe la Dunia 2014 wakaambiwa hawatakuwa na nafasi kwenye uwanja wa Fonte Nova. Hawakunyamaza. Waliandamana na nguo zao nyeupe, wakakusanya saini, mji ukasimama nao, na mwisho baadhi yao wakaruhusiwa kuuza pale pale uwanjani. FIFA hiyo hiyo, wadhamini wale wale. Kwa hiyo kumbe sharti linazungumzika, ila mpaka apatikane mtu mezani wa kuwasemea wauza chakula. Sisi nani alitusemea? Nani alikaa na mama lishe wa Temeke hata mara moja kabla ya Agosti 2, akawaambia jamani nyie mtakaa hapa, ninyi pale, njooni mpimwe afya mchukue vitambulisho?

Sasa usafiri. Mpira unaanza saa mbili usiku, unaisha saa nne. Watu makumi elfu wanamwagika kwa mkupuo mmoja kwenye barabara zile zile za kila siku. Daladala zimeshapungua. Konda aliyebaki anajua unataka kulala kwako, anakutajia nauli anayotaka. Boda wa kunipeleka mahali pa elfu mbili alinitajia elfu kumi bila kupepesa. Mimi naweza kutembea, kwangu sio mbali. Mtu wa Bunju anafanyaje? Mtu wa Kibamba? Dada aliyekuja na mtoto mgongoni kuangalia Stars anafanyaje? Niliwaona wametembea kwa makundi Barabara ya Kilwa gizani, bendera mabegani, na hapo tumeshinda! Siku ya kushinda mji ulitakiwa ukeshe. Badala yake kila mtu anawaza atafikaje.

Na hapa ndipo damu inanichemka. Barabara ya Kilwa ina njia ya mwendokasi ya Mbagala. Zege limemwagwa, vituo vimejengwa, vinapita jirani kabisa na uwanja. CHAN ikaja, CHAN ikaisha, mabasi ya njia hiyo yalikuwa bado hayajaanza kubeba abiria. Tarehe ya mashindano ilijulikana. Hata baada ya CHAN kuahirishwa kutoka Februari kwenda Agosti, ile miezi sita ya ziada haikutosha kupata hata mabasi machache ya usiku wa mechi? Tulikaa tunaviangalia vituo vipya vimefungwa huku tunagombania Hiace.

Wenzetu hawafanyi miujiza. Ujerumani, Kombe la Dunia 2006, tiketi ya mechi ilikuwa pia tiketi ya treni na basi za mji. Euro 2024 wakarudia, mwenye tiketi anasafiri saa 36 bila kulipa tena usafiri wa mjini. Msiniambie wao ni matajiri. Sisi tuna N-Card, kadi moja tunaingilia mechi za Simba na Yanga, na hiyo hiyo tunavukia pantoni ya Kigamboni. Mtambo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba shabiki naye ni abiria.

Suala la mageti nitalisema kwa kifupi kwa sababu likinijia nashindwa kuandika vizuri. Mei 28, 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine kujeruhiwa kwenye msongamano pale pale kwa Mkapa. Baada ya msiba ule nilitegemea kuona njia pana za kuingilia, alama kubwa, taa, maji, watu wa kuelekeza wanaozungumza kwa ustaarabu. Nilichokutana nacho CHAN ni kusukumwa na kufokewa, geti hili limefungwa nenda lile, ukifika lile unarudishwa hili. Mzee mmoja mbele yangu alinyang'anywa ngoma. Ngoma! Kwenye mpira wa Afrika! Kenya nako mashabiki walivamia mageti ya Kasarani, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya watazamaji mechi yao na Zambia mpaka 27,000, na wakaambiwa tiketi ni za kielektroniki tu. Watu wakawalaumu mashabiki. Wapo waliokosea, sikatai. Lakini ukiwapa watu geti moja la kupigania na nje hakuna sehemu nyingine ya kuonea mechi, wote watabanana hapo hapo.

Nasema hakuna sehemu nyingine, kwa sababu kama Dar kulikuwa na eneo la mashabiki lenye skrini kubwa, basi lilitangazwa kimyakimya, maana mtaani kwetu hakuna aliyejua. Waliokosa tiketi walirudi kibanda umiza, wakalipa, wakabanana kwenye mabenchi na joto lao, kama wanavyofanya kwa mechi za Ulaya. Yaani Stars inacheza robo fainali, unaisikia sauti ya uwanja kwa masikio yako, na unaitazama kwenye runinga ya kibanda, tena picha inachelewa, uwanja umeshalia ndio wewe unaona shuti linapigwa. Wakati Mwembe Yanga ipo. Mnazi Mmoja ipo. Biafra ipo. Zakhem ipo. Viwanja hivi kwenye kampeni vinawekewa jukwaa, spika na jenereta ndani ya siku moja. Kwa nini kwa mpira isiwezekane? Berlin 2006 walifunga barabara kubwa ya mbele ya lango la Brandenburg, watu wasio na tiketi wakajaa kwa maelfu, na mpaka leo wanaoizungumzia Ujerumani ya mwaka ule wanataja mtaa ule kuliko mechi.

Na wageni je? Nilikutana na kikundi cha Wamadagascar baada ya mechi yetu nao. Tumewafunga, wanacheka, wanataka kushikana mikono, wanataka kujua Dar inakula wapi usiku na muziki uko wapi. Tukabaki tunatazamana. Kila mahali pa karibu pamefungwa au pamefukuzwa. Tuliwapeleka kwa muuza chips wa mtaani aliyekuwa karibu kuzima jiko. Walikula chips mayai wamesimama, wakafurahi, wakaimba, tukaimba. Hiyo nusu saa kwenye vumbi ilikuwa bora kuliko chochote kilichopangwa na waandaaji, na ilitokea bila mpango wa mtu. Ndiyo maana nakasirika. Malighafi tunayo. Watu wakarimu tunao, singeli tunayo, chakula tunacho, bahari tunayo. Wenye mamlaka wanaona ni fujo ya kudhibitiwa.

AFCON 2027 ni timu 24, na mashabiki wa Nigeria, Misri, Senegal, Ivory Coast hawaji kukaa hotelini. Wanakuja na ngoma zao. Arusha wanajengewa uwanja wa watu 30,000, hongera kwao, lakini kila nikisoma habari za maandalizi naona nyasi, viti na vyumba vya kubadilishia nguo. Sioni popote mtu akisema mama lishe atakaa wapi, basi la saa tano usiku litatoka wapi, skrini itasimama uwanja gani, choo cha mtu aliye nje ya geti kiko wapi. Hayo hayahitaji mkandarasi kutoka nje. Yanahitaji kikao cha manispaa, wachuuzi, madereva na viongozi wa matawi ya mashabiki, na kianze sasa hivi. Wiki mbili kabla ya ufunguzi itakuwa tumeshachelewa.

Sitaki majibu ya "ukiona hivyo kaa nyumbani". Uwanja ule uko nyumbani kwangu. Kodi yangu imo kwenye zege la Kilwa na kwenye taa za Mkapa.

Walioangalia mechi za kule Amaan, Zanzibar, Sudan ilipowapiga Nigeria 4-0 na zile nyingine, semeni hapa: mpira ukiisha mlirudije, na wauzaji waliachwa wafanye kazi? Waliokuwa Kasarani na Namboole, Uganda, nao wachangie. Na kama humu kuna mtu yupo kwenye kamati yoyote ya 2027, ajitokeze anijibu jambo moja tu kwanza: yule mama wa Temeke mwenye sufuria kubwa aende ofisi gani, na lini, kuomba nafasi yake?