Mrejesho: PCM au PCB kwa binti mwenye C ya Hisabati

Ndugu zangu, niliuliza kutoka Masasi kama binti yangu, mwenye C ya Hisabati na B za Kemia na Biolojia kidato cha nne, na anayetaka ufamasia, abaki na PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) aliyoijaza kwenye selfomu, yaani fomu ya kuchagua tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya kidato cha tano, au ahamie PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia). Nawashukuru nyote, hasa mwalimu aliyetueleza kwamba PCB haimwondolei mtu hesabu, kwa kuwa wanafunzi wake husoma pia BAM (Basic Applied Mathematics, somo la ziada la hesabu), yenye kalkulasi na takwimu ndani yake. Dirisha la kubadili tahasusi lilipofunguliwa katika mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, tuliweka PCB, na ndiyo aliyopangiwa.

Ushauri wa tuisheni kabla ya kuripoti haukutekelezeka, maana fedha huku kwetu huja na minada ya korosho kuanzia Oktoba, ilhali kidato cha tano huanza Julai. Alijisomea kwa madaftari ya kaka yake. Kalkulasi anaimudu, mada ya uwezekano (probability) bado inamsumbua, na jaribio la kwanza la BAM alipata D. Kwa mtoto anayelenga uhandisi nisingethubutu kushauri aache PCM. Mwenye swali kama letu abadilishe mapema, kwani majina ya waliochaguliwa yakishatoka dirisha hilo huwa limefungwa.